Daftari la Seif Nililitia Motoni

Siku ile tulikuwa watano: mimi, wadogo zangu wawili, Seif na Zuwena, jirani yetu Bi Rayya, na Bi Thuwaiba, aliyekuja kumposa Zuwena kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliona. Siwezi kukana. Kosa ni langu, peke yangu!

Baba na mama waliuawa Unguja mwaka wa sitini na nne. Mie mkubwa, darasa la tano, nikaacha skuli. Nikawaleta wadogo zangu Maskati, nikafua nguo za watu ili Seif asome. Baadaye akapata kazi ya jikoni melini, akazunguka Ulaya. Mwaka wa sabini na sita akarudi na daftari moja nene. Kila bandari, siku yake ya mapumziko, alikuwa akiingia nyumba za makumbusho, akichora na kuandika aliyoyaona.

Jamani, sikulifungua hata mara moja!

Basi nnatwanga iliki ya kahawa kwa mchi wa shaba, Bi Thuwaiba akaliokota daftari mkekani. Akafunua. Mwanamke, yu uchi!

"Ala! Ndiye aliyekuwa akiishi naye huko?"

Seif akacheka. "Bi mkubwa, huyo jiwe. Hata kichwa hana."

"Kichwa huna wewe!" nikamkemea. Nyinyi hamjui aibu ya mgeni wa posa. Nikalipokonya daftari, nikalitupa ndani ya seredani ya makaa iliyokuwa ikiwaka.

Seif akatia mkono motoni kulitoa. Nami nikaupiga ule mkono kwa mchi. Pa! Hakuuondoa. Nikapiga tena. Nikasikia mfupa. Nikapiga mara ya tatu, Mungu anisamehe, na nilikuwa nnajua nnachofanya!

Zuwena alipiga ukelele. Bi Rayya akanishika kiuno, akaniangusha chini. Damu ilikuwa ikichuruzika juu ya makaa, inachemka.

Bi Thuwaiba akavaa viatu. Nikamwambia, "Bibi, nimeshamtia adabu."

"Picha ningezisahau," akasema. "Mkono huo sitausahau. Sichukui mke nyumba hii."

Ilisalia karatasi moja, pembe zimeungua. Zuwena akasoma huku analia: "Dada, leo nimeona chungu kimetiwa ndani ya kioo, kinalindwa na askari! Sawasawa na chungu cha mama cha kupikia samaki. Ungekuwapo ungecheka."

Dada! Lote lile aliniandikia mimi, niliyeacha skuli kwa ajili yake. Na kusoma najua! Ningefunua ukurasa mmoja tu!

Vidole vitatu vya Seif havikunjiki tena. Kalamu haishiki. Zuwena mpaka leo hajaposwa tena, wala hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nyinyi mnaolea ndugu zenu, nisikilizeni. Msiseme, "Nimemlea, nna haki naye." Ndivyo nilivyosema mie. Ukiona hasira imekushika na mkono una kitu, kitupe mbali! Heshima ya nyumba hairudi kwa kuvunja mtu mfupa.

Sasa kila siku baada ya alasiri Seif anasimulia, mimi naandika kwa mwandiko wangu mbaya. Daftari jipya limefika ukurasa wa kumi na moja. Mengine ameyasahau. Chungu tumeshakiandika, tukacheka kidogo.

Yule mwanamke wa jiwe bado. Kila tukimfikia, Seif huuficha mkono wake chini ya kanzu. Naacha ukurasa mtupu. Huo nadaiwa.