Mkono wa Gauni Uliopigwa Mhuri

Shangazi yangu hushukuru mpaka anachosha. Humshukuru mwenye duka kwa kumrudishia chenji yake mwenyewe, humshukuru daktari kwa kumdunga sindano, na mvua ikimlowesha nguo kambani husema ahsante, angalau vumbi limetulia. Mtaani wamempa jina la Mama Ahsante. Mimi aliyenilea tangu wazazi wangu waliponitoka nilishakata tamaa ya kumbadilisha, na leo nafurahi kwamba sikufaulu.

Alifanya kazi kiwanda cha mashati, kitengo cha kola, mpaka akastaafu. Kila mwezi kiwanda kilikata kidogo katika mshahara wa kila mfanyakazi na kumnunulia hisa za kiwanda hicho hicho. Shangazi aliamini hisa zile ni zawadi ya mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Mzee. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka alimshonea Mzee shati la shukrani, na kulipiga pasi ilikuwa kazi yangu.

Alipostaafu alipanga chumba kimoja cha barabarani, akaweka cherehani, meza ya kukatia na kioo kilichopasuka pembeni. Mwaka huu mwenye nyumba akataka kukiuza. Alimpa Shangazi nafasi ya kwanza, ila mwezi ukiisha angemuuzia muuza simu wa jirani. Shangazi akauza hisa zake zote. Fedha zilitosha chumba na kubaki kidogo, lakini kodi ya mauzo ya hisa ilikuwa bado haijalipwa. Kodi ikiwa ndogo, chumba ni chake. Ikiwa kubwa, angehamisha cherehani, na kwa umri ule sijui angeipeleka wapi.

Jumamosi nikaenda kumsaidia kujaza fomu ya kodi. Nikakuta ameshaijaza kwa mwandiko wake wa duara. Penye bei ya kuuzia ameandika sawasawa. Penye bei ya kununulia ameweka sifuri.

"Shangazi, hii sifuri ni ya nini?"

"Sikununua, mwanangu. Nilipewa."

"Si walikuwa wanakukata mshahara?"

"Pesa ambayo haijapita mkononi mwangu siihesabu kuwa yangu. Nikiandika nilinunua nitakuwa mwongo, tena wa kuidanganya serikali."

Hasira zikanipanda. Nikamweleza kwamba kodi inatozwa kwenye faida, yaani ulichouzia ukitoa ulichonunulia. Ukiandika sifuri, fedha yote inageuka faida, na kodi itakimeza kile chumba pamoja na mlango na dirisha.

"Na mtoza kodi naye utamshukuru?" nikamuuliza.

"Kwani barabara zinajengwa na nani?"

Nikaomba karatasi zake za mshahara. Makato yote yaliandikwa humo, na hapakuwa na ushahidi mwingine, maana kiwanda kilishauzwa mara mbili na kumbukumbu za zamani hazikujulikana ziliko. Shangazi akanyoosha kidole ukutani. Kwenye msumari zilining'inia karatasi zake za kukatia nguo: mikono, kola, mabega, viuno. Kila kipande alikitengeneza kwa karatasi za mshahara, zikabandikwa pamoja kwa gundi na kukatwa kwa mkasi.

"Fundi hatupi karatasi ngumu," akasema. "Na kiwanda kilikuwa na karatasi nzuri, ahsante yao."

Tukazitandaza sakafuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikalia. Karibu na mwisho wa kila karatasi palikuwa na mstari wa makato ya hisa. Mwingine ulikuwa umekwenda na mkasi kwenye kwapa, mwingine umefunikwa na gundi, lakini mingi ilisomeka. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo kila mwezi, ila haba na haba hujaza kibaba. Nilipofikia kola moja ndogo ya duara nikaiinua, maana niliijua. Sare yangu ya shule ya msingi ilikatwa kwa karatasi ile. Nilikuwa nikivaa sare mpya kila mwaka, naye akienda kazini na gauni lile lile la kijani. Hasira zote zikaniishia pale sakafuni.

Jumatatu tukaingia ofisi ya kodi na gauni zima la karatasi. Karani, mama mmoja mwenye miwani iliyomteremka puani, alizitazama kola, kisha akatutazama sisi.

"Hizi ni karatasi za mshahara au ni nguo?"

"Ni vyote viwili, dada," Shangazi akasema. "Ahsante kwa kuuliza."

Karani hakucheka. Alisoma kipande kimoja kimoja, akatoa kopi, akapiga mhuri kuonyesha amekiona. Visivyosomeka aliviweka kando, hakutupendelea. Mwisho akaweka kidole juu ya ile sifuri.

"Mama, hii siwezi kuipokea. Hizi hisa zilinunuliwa. Unajua nani alizinunua?"

"Mzee wa kiwanda. Mungu amlaze pema."

"Mzee alikata tu na kupeleka. Aliyezinunua ni wewe, tangu mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho."

Shangazi akachukua kalamu, akaikata sifuri yake, akaandika jumla aliyosomewa, taratibu, kama anayepima kitambaa cha bei. Kodi ikatoka ndogo, tukailipa siku ile ile. Kabla mwezi haujaisha chumba kikawa chake.

Tukiwa njiani kurudi akasimama ghafla.

"Sasa na yale mashati yote niliyomshonea?"

"Yalimkaa vizuri, Shangazi."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwisho wa mwaka nikamkuta mezani amekunjua kitambaa cha zambarau, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona mle chumbani. Nikamuuliza mteja ni nani.

"Kila mwaka namshonea aliyeninunulia hisa," akasema bila kuinua uso. "Nishikie hapo."

Nikamshikia ule mkono wa karatasi, wenye mhuri wa ofisi ya kodi karibu na bega, naye akapitisha chaki.