Kumsomea Baba

Nyumbani kwetu, upande wa juu wa Muthara, hakukuwa na kitabu isipokuwa vile vya shule. Maandishi mengine yalikuwa kalenda ya duka la mbegu, kadi zetu za kliniki ndani ya bahasha moja, na makopo ya rangi ambayo mama alipandia vitunguu. Kabla sijamaliza darasa la tatu nilikuwa nimeyasoma yote, hata nikajua rangi ya mafuta hukauka kwa saa ngapi. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilijua.

Gazeti lilitufikia pamoja na nyama. Jumamosi mama alinituma sokoni kwa muuza nyama mmoja, mzee Mwislamu aliyezaliwa pale pale mjini na aliyesema Kiswahili kilichonyooka kuliko cha walimu wetu. Alifunga nyama kwa karatasi nyeupe, kisha kwa gazeti kuukuu. Nikifika nyumbani nilinyoosha lile gazeti juu ya meza na kusoma palipokuwa pakavu. Habari ziliishia njiani. Mtu alishtakiwa, nami sikupata kujua kama alifungwa.

Siku moja nilimwuliza kama anayo nusu ya pili.

"Nusu ya pili ya nini?"

"Ya yule daktari wa mifugo aliyepotea."

Alipekua rundo lake la magazeti lote, wateja wakingoja, asiione. "Pengine imeondoka na maini ya mtu," akasema. Tangu siku hiyo aliniwekea gazeti zima chini ya mizani, na nilipolichukua aliniuliza kuna nini cha maana wiki hii. Nilimweleza huku akikata nyama. Nadhani huo ndio wakati nilioanza kujiona kuwa mtu wa maana.

Darasa la sita hali hiyo ilizidi. Shule ilipewa kabati la vitabu vya hadithi, na mwalimu wa darasa akanikabidhi ufunguo. Niliandika nani amechukua nini, nani amerarua nini. Nilisoma vitabu vyote vya kabati lile, vingine mara mbili, na nikipita uwanjani nilihakikisha ufunguo unaonekana.

Muhula wa pili paliitishwa mkutano wa wazazi. Kwa kawaida mama ndiye aliyehudhuria, lakini alikuwa amejifungua, kwa hiyo akaja baba. Baba alikuwa mchumaji wa miraa. Alikwea miti ya watu tangu alfajiri, na siku hiyo alitoka shambani moja kwa moja, akanawa mikono bombani na kuketi nyuma kabisa. Mwalimu mkuu aligawa karatasi kuhusu chakula cha mchana, akaomba mzazi mmoja asome kwa sauti. Akamteua baba, labda kwa sababu mimi nilikuwa msomaji.

Baba alisimama. Aliitazama karatasi kwa muda, akapapasa mfuko wa koti.

"Nimesahau miwani," akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufunguo wangu. Nikasema, kwa sauti ya kusaidia, "Baba, wewe huna miwani."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na mzazi mwingine alisoma ile karatasi, mambo yakaendelea. Baba aliketi. Njiani kurudi hakunipiga, ingawa nilikuwa nikingoja kupigwa. Alichofanya ni kwamba hakunipa tena karatasi yoyote nimsomee, kama alivyozoea. Barua za chama cha wakulima, risiti za dawa ya mimea, yote alimpelekea jirani yetu aliyekuwa karani mstaafu. Nilikuwa nikimwona akipita na karatasi ndani ya kofia, nikiwa nimeketi mlangoni na kitabu.

Sekondari nilipelekwa shule ya bweni karibu na Embu. Huko nilijifunza kusoma kwa namna nyingine. Palikuwa na vitabu teule, na kila kitabu kilikuwa na mwongozo uliosema maudhui ni yapi, wahusika ni wa aina gani na mwandishi ametumia mbinu gani za lugha. Mwongozo ulikuwa mwembamba. Kufikia kidato cha tatu nilikuwa nikiusoma kwanza, na kufikia cha nne nilikuwa nikiusoma peke yake. Riwaya iliyotahiniwa mwaka wetu nilifika sura ya tatu tu. Ilihusu mwanamke aliyemwacha mumewe akaondoka na cherehani kichwani. Niliandika insha ndefu juu ya ujasiri wake na nikapata alama za juu darasani. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya wenzangu. Sikuona haya. Nilichohisi ni kwamba nimemaliza kazi, na kwamba sitafungua kitabu tena bila kulazimishwa.

Nilirudi nyumbani kungoja matokeo. Wiki ya pili ya kungoja, tawi lilivunjika baba akiwa juu ya mti, akaanguka na kuvunjika paja. Tulimpeleka hospitali ya mji wa Maua. Mama alikuwa na mtoto mgonjwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki naye.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alileta fomu ya kukubali. Alimpa baba, akaniachia kalamu, akaenda kitanda kingine. Baba aliishika fomu kidogo. Kisha akaninyoshea.

"Soma," akasema kwa Kimeru.

Nilisoma polepole nikitafsiri. Palipoandikwa kwamba mgonjwa ameelezwa hatari zote, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka sahihi, herufi tatu alizojifunza mahali nisipopajua.

Nilimwambia, "Baba, ile siku ya mkutano shuleni."

"Ulikuwa mtoto."

"Ndiyo, lakini..."

"Ulikuwa mtoto," akarudia. "Ila ulicheka."

Mimi nakumbuka wengine wakicheka. Sikumbuki nikicheka. Sikumbishia, na mpaka leo sijui nani kati yetu anakumbuka sawasawa.

Alikaa wodini wiki nyingi, mguu umening'inizwa. Siku ya nne aliniambia amechoka kutazama dari, nimsomee kitu. Kwenye mkoba wangu palikuwa na ile riwaya ya mtihani, niliyokuwa nimeahidi kumpa binti wa jirani. Nikaanza ukurasa wa kwanza, nikisoma Kiswahili kimoyomoyo na kukitoa kwa Kimeru. Kazi ilikuwa ngumu. Sentensi niliyoweza kuiruka kwa macho sikuweza kuiruka kwa mdomo. Sura ya nne, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika, ilijulikana kwamba cherehani haikuwa ya yule mwanamke. Alikuwa ameiiba kwa dada yake. Mwongozo ulikuwa umeliweka jambo hilo katika mstari mmoja, chini ya "dosari za mhusika".

Baba aliinua mkono ninyamaze. "Kwa nini hakuomba?"

"Wewe ungempa?" Hii ilikuwa sauti ya kitanda cha pili. Hapo alilazwa dereva wa pikapu za miraa, mbavu zimevunjika. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

"Ningempa," baba akasema.

"Cherehani? Na watoto wako wanakula kwa hiyo cherehani? Wacha uongo, mzee."

Walibishana mpaka chai ikaletwa. Kuanzia hapo nilisoma kila alasiri, na vitanda vya karibu vikanyamaza nikianza. Dereva alimlaumu dada mtu kwa ubahili. Baba alimlaumu mwizi, lakini kila asubuhi ni yeye aliyeuliza kama tutaendelea. Mimi sikumlaumu yeyote. Nilikuwa nikiwaza ile insha yangu, na jinsi nilivyosifu ujasiri wa mtu nisiyemjua.

Dereva aliruhusiwa kwenda nyumbani zikiwa zimebaki sura mbili. Aliondoka akinung'unika, akachukua namba yangu ya simu. Sikudhani atapiga. Alipiga Jumapili, kelele za stendi zikisikika nyuma yake.

"Msichana wa kitabu, alirudisha cherehani?"

"Alirudi nayo, lakini akakuta dada yake ameshazikwa."

"Kwa hivyo ikaenda wapi?"

"Aliifunika kitambaa. Hakushona tena."

"Huyo mwandishi si mtu mzuri," akasema. Akanishukuru, akamsalimia baba, akakata.

Baba alipofika mwisho huo aliniomba nisome tena ukurasa wa mwisho, kisha akageuza uso ukutani akalala.

Alipona, ila anachechemea na hapandi tena miti. Nilipojiunga na chuo cha ualimu nilijitolea kumfundisha kusoma wakati wa likizo. Alikataa kwa upole. Alisema amefika hapo bila kusoma, na muda uliobaki ana mambo mengine ya kufanya. Nilidhani nitaumia, sikuumia.

Sasa nafundisha Kiswahili upande wa Siakago, kwenye joto ambalo watu wa kwetu hawalipendi. Nasoma riwaya tatu au nne kwa mwaka, polepole, midomo ikicheza, tabia niliyoitoa wodini na ambayo walimu wenzangu huifanyia mzaha. Kitabu kisichonishika nakiacha. Wanafunzi wangu wanaponiuliza mwongozo upi ni mzuri nawatajia, kwa sababu mtihani upo na mimi mwenyewe niliupita hivyo. Lakini kipindi cha mwisho cha Ijumaa nawasomea riwaya kwa sauti, bila maswali wala madaftari. Jua linapiga mabati, wengine wanasikiliza na wengine wanasinzia. Siwaamshi.