Kilomita za Kurudi

Mwandiko wangu ni wa polepole. Niliishia darasa la saba, na mpaka leo nikishika kalamu mbele ya watu mkono unakuwa mzito, kila herufi naichora. Naanza na hilo kwa sababu aibu ninayotaka kuieleza ilianzia kwenye kalamu.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea. Anauza mchele. Anaununua kwa wakulima wa Mpimbwe na kuuleta Mpanda mjini, na mimi ndiye dereva wake. Tulikuwa na kirikuu ya petroli, kigari kidogo cha mizigo, kuukuu, bodi limeungwaungwa, lakini ilikwenda Mpimbwe na kurudi bila maneno. Ilikuwa na kelele sana. Mitaa ya Kawajense wanawake waliisikia ikiwa bado mbali, wakatoka na mabeseni yao, nami sikuhitaji kuita mtu. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, kelele ile ilikuwa msaada mkubwa.

Halafu wakaja watu wa magari ya umeme. Walifunga turubai karibu na uwanja wa mpira, wakaweka muziki, na chini ya turubai kukawa na kirikuu mbili nyeupe, za bodi lililofungwa kama boksi. Muuzaji alikuwa kijana kutoka Dar, mchangamfu, anaita kila mwanamke mama na kila mwanamume bosi. Mama mkubwa alizunguka gari moja mara tatu. Aligonga bodi, akapanda nyuma, akapima kwa mikono magunia yatakavyolala.

"Halina gia?" akaniuliza.

"Halina, Mama."

"Basi hata mimi nitaliendesha. Wewe utakaa nyuma na mchele."

Watu walicheka. Aliipenda. Petroli ilikuwa imemchosha, na bodi lililofungwa lilimaanisha mvua haitagusa mzigo tena. Muuzaji akasema wanapokea gari la zamani na mteja anaongeza kidogo. Kabla ya yote, akasema, lazima wajue gari litafanya kazi gani, wasije wakampa mtu kitu kisichomfaa. Akatoa fomu. Mama mkubwa akanisukumia mimi.

"Huyu ndiye anayeijua barabara," alisema. "Atakachoandika yeye nimeandika mimi."

Nyuma yangu palikuwa na watu kama wanane wanasubiri. Niliandika jina la mama mkubwa, jasho likanitoka. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia, "Huyu anaandika au anasuka mkeka?" Nikafika kwenye mstari unaouliza gari litatembea umbali gani kwa siku likiwa na mzigo mkubwa kuliko siku zote. Nikaandika tisini.

Mpimbwe tunakochukulia mchele ni kilomita tisini na kidogo. Sikudanganya. Ila sisi wa kirikuu tunahesabu tripu gari likiwa na mzigo. Ukiulizwa umefanya tripu ngapi leo, hutaji ulivyokwenda mtupu. Kwenda mtupu si kazi, hakuna anayekulipa. Nimeendesha miaka minne nikihesabu hivyo. Nilipoulizwa umbali, kichwa changu kikaleta njia moja tu, ile ya kurudi na magunia, na mkono uliokuwa na aibu ukashukuru kwamba ni tarakimu mbili tu.

Muuzaji alisoma akatabasamu. "Tisini? Hii ikijaa chaji inakwenda kilomita mia na sitini, dogo. Jioni utabaki na chaji ya kwendea harusini."

Akanipa nakala ya ile fomu. Nikaiweka mfukoni.

Niligundua siku hiyohiyo, tukiwa tunarudi nyumbani. Nilikuwa napiga hesabu ya mtu mwingine kabisa, ya rafiki yangu wa bodaboda na mafuta yake ya kwenda na kurudi Sitalike, na ghafla nikaikumbuka tisini yangu. Kwenda na kurudi. Mia na themanini na ushee. Mama mkubwa alikuwa pembeni yangu anaimba wimbo wa kwaya, anapiga dashibodi kama ngoma.

Gari la zamani lilipaswa kukabidhiwa baada ya siku tatu. Nilikuwa na siku tatu za kusema. Kila nilipojaribu niliona lile turubai, wale watu wanane, na mimi narudi kuomba fomu nyingine niandike tena. Nikajiambia huenda gari linakwenda zaidi ya walivyosema, na kwenda mtupu halitakula sana. Siku ya tatu nikaiendesha kirikuu yetu mpaka uwanjani, nikawapa ufunguo.

Wiki mbili za kwanza tulifanya kazi za mjini na hakuna aliyekuwa na neno baya. Kwa mji lile gari linafaa, siwezi kulisingizia. Kulichaji nyumbani uniti zilikuwa chache kuliko tulivyoogopa, na umeme ukikatika usiku asubuhi bado lilikuwa na nguvu ya kuzunguka sokoni. Shida ilikuwa ukimya. Lilipita Kawajense kama paka. Wateja hawakutoka. Ilinibidi nipige honi kila kona na kutoa kichwa dirishani niite "mchele", na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba maji. Kina mama walinicheka. "Dereva bubu na gari bubu, mmepatana." Nilitamani waishie hapo.

Kisha mchele ukaisha ghalani, tukaenda Mpimbwe.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Tulipita Sitalike asubuhi, tukaingia barabara ya katikati ya hifadhi ya wanyama, twiga wakatutazama bila kukimbia kwa sababu hawakusikia kitu. Mama mkubwa alifurahi. "Tumekuwa watalii," alisema. Mimi niliangalia tu kile kioo kidogo cha chaji. Tulipofika Mpimbwe nilimwambia tupakie magunia machache, gari bado geni. Akanitazama kama nimemtania. Wakulima wanaomuuzia ni wale aliosali nao tangu msichana, walikuwa wamekwisha kumtengea magunia na kuyashona, kuyaacha mengine kungekuwa kuwakana. Tulipakia yote. Niliomba tuchaji kijijini, lakini siku hiyo umeme haukuwepo.

Lilizimika katikati ya hifadhi saa saba mchana. Halikukohoa wala halikutetemeka kama la petroli. Lilipunguza mwendo taratibu, likasimama. Pale huruhusiwi kushuka. Tulifunga vioo, joto likatuzidi. Tukavifungua, mbung'o wakaingia na kutuuma mpaka juu ya nguo. Mama mkubwa alijifunika khanga kichwani.

"Limeharibika?"

"Chaji imeisha, Mama."

"Si walisema inafika?"

Nikasema, "Walisema."

Neno hilo moja ndilo linaloniuma kuliko yote.

Lori la mahindi lilitukuta baada ya muda mrefu, likatufunga kamba na kutuvuta polepole mpaka Sitalike. Tingo wake, msaidizi wa dereva, alikaa juu ya magunia akiwatangazia wapita njia kwamba wanauza gari la kisasa, mnunuzi aje na lori lake. Tulivuta waya wa kuchajia kutoka nyumba ya mwenye mashine ya kusaga, na kwa kuwa mashine na gari havikuweza kutumia umeme pamoja, wanawake waliokuja kusaga walikaa chini na ndoo zao wakitutazama. Hapo, mbele yao wote, mama mkubwa akampigia simu muuzaji, akaweka sauti kubwa.

Alimwita tapeli. Alimwita mwizi mwenye tai. Yule kijana alisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mama, samahani, lakini fomu yenu nnayo hapa. Mliandika tisini. Mngesema mia na themanini nisingewauzia hii."

"Nani aliandika tisini?"

"Dogo wako, Mama."

"Huyu mtoto nimemlea mimi," alisema mama mkubwa. "Hajawahi kunidanganya hata kwa sukari. Umebadilisha wewe." Akakata simu. Akageuka kwa wale wanawake. "Mnaona? Anamsingizia mtoto wa watu kwa sababu haongei."

Wakatikisa vichwa kunihurumia. Mmoja akanipa kikombe cha uji. Nakala ya fomu ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, imelowa jasho, na mimi nilikunywa ule uji.

Nilikaa nayo siku tisa. Katika siku hizo mama mkubwa alimweleza kila mtu sokoni habari za tapeli wa Dar, na wanunuzi wawili waliokuwa wameagiza magari wakaghairi. Mmoja anauza maji na maandazi mjini tu, hatoki nje ya Mpanda. Gari lile lingemfaa kabisa. Siku ya tisa nilimsikia akimshukuru mama mkubwa kwa kumwokoa. Jioni hiyo, mama mkubwa alipokuwa anapepeta mchele uani, nilimwekea ile karatasi juu ya ungo.

Aliisoma kwa kidole. Alipofika kwenye mstari wangu kidole kikasimama.

"Tisini," alisema. "Na kurudi ulidhani tutaruka?"

Nikamweleza kuhusu tripu, kuhusu wale watu nyuma yangu. Nikamweleza kwamba nilijua tangu siku hiyohiyo, yeye akiwa anaimba. Aliendelea kupepeta muda mrefu, makapi yakaangukia miguuni kwangu.

"Kukosea hesabu, hata mimi nakosea," alisema mwishowe. "Umeniacha nimtukane mtoto wa mwenzangu, tena mbele ya watu, nawe unakunywa uji."

Alinipa simu yake. Hakuniambia la kusema. Nilipiga nikiwa nimesimama uani, yeye ananitazama, na yule kijana alipopokea alisema "Mama" kwa sauti ya mtu anayejiandaa kutukanwa. Nikasema si Mama, ni mimi, dereva. Nikasema mimi ndiye niliyeandika tisini, sikuhesabu kurudi, hukubadilisha kitu. Ilinichukua muda mrefu kuyasema hayo machache, lakini hakunikatiza.

"Kesho utaongoza njia," mama mkubwa alisema nilipomrudishia simu. "Tunaanza kwa yule wa maandazi. Na utaongea wewe."

Sasa mchele unakuja na lori mpaka Sitalike, naufuata pale, na chaji inatosha kwenda na kurudi. Tunapata kidogo kuliko zamani. Wanawake wa mashine ya kusaga bado wananikumbuka, na yule aliyenipa uji bado ananiuliza kama yule tapeli alipatikana. Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Mara ya pili nilizima gari, nikashuka.