Kirtani ya Yusufu Yampata Orna

Watu wa mji wa Thane waliijua sauti ya Ketura Navgaonkar kabla ya kuijua sura yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli, yeye ndiye aliyewaambia abiria treni gani imechelewa na wakimbilie jukwaa gani. Alipostaafu, sauti ile ikahamia kwenye kirtani, yaani visa vya Taurati vinavyoimbwa kwa Kimarathi, lugha ya huko. Kinanda hulia, matoazi hugongana, na msimulizi husimama katikati, akaimba beti mbili, akakatiza, akaeleza kwa maneno ya kawaida, akatania watu, kisha akarudi kuimba. Mama yake alikuwa amemwachia daftari la kirtani ya Yusufu. Maneno yalikuwa humo daftarini. Tuni hazikuwa popote ila kooni mwa Ketura.

Ndiyo maana daktari alipomwambia ana uvimbe shingoni, hakuuliza kama atakufa. Aliuliza, "Nitaimba?"

Uvimbe ukatolewa, ukapimwa, ukaonekana hauna ubaya wowote. Nyumba nzima ikashusha pumzi. Lakini mshipa wa sauti ulikuwa umeguswa kidogo. "Utanong'ona wiki sita, pengine zaidi," daktari alisema. Na wiki tano tu zilikuwa zimebaki kufika siku ya malida, wanapokusanyika Bene Israel, yaani Wayahudi wa Kihindi, kumtaja Nabii Eliya mbele ya masinia ya pepeta zilizochanganywa na nazi na sukari. Mwaka ule kamati ya sinagogi ilikuwa imemwomba Ketura awafundishe vijana kirtani, waiimbe wao wenyewe.

Vijana waliojitokeza walikuwa watatu. Orna Talkar, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa amekwisha kupata nafasi ya kwenda kusoma Israeli. Wenzake walikuwa mapacha, Hadas na Naor, waliokuja kwa sababu mama yao alisimama mlangoni mpaka wakavaa viatu. Wa kupiga ngoma za tabla alikuwa Abshalom Penkar, jirani wa Ketura wa ukuta kwa ukuta.

Siku ya kwanza Ketura alifungua mdomo, ukatoka upepo mtupu.

"Mungu mkubwa!" Abshalom akasema. "Miaka arobaini nangoja mwanamke huyu anyamaze, kaja kunyamaza siku ninayomhitaji."

Ketura akamtupia mtandio. Vijana wakacheka, wote isipokuwa Orna.

"Bibi, usinikasirikie," Orna alisema. "Hizi tuni ndizo zile zile za hekalu la Wahindu la pale kona. Kule Israeli watanicheka. Mimi nataka kitu chetu, cha Kiyahudi."

Ketura akamwashiria asogee, akamnong'oneza sikioni. "Wazee wetu walikuwa wakamua mafuta wa pwani ya Konkan, mwanangu. Kiebrania chao kilikuwa cha sala, tena wengi wao hawakukielewa. Yusufu wangemjuaje? Wakamwimba kwa lugha waliyogombania nayo sokoni. Sufuria tumeazima kwa jirani, lakini mchuzi ni wetu."

Orna hakushawishika, ila hakuondoka pia.

Kwa kuwa sauti haikuwepo, Ketura akaamua kupiga kinanda na kumnong'oneza Orna kisa, naye Orna akiseme kwa sauti. Mwanzoni binti alisema kama anayesomea mtihani. Wakafika pale ndugu wanapomvua Yusufu kanzu na kumtumbukiza shimoni, Naor akadakia, "Ndugu kumi, hakuna hata mmoja mwenye akili?"

"Alikuwepo Reubeni," Orna akamjibu pale pale, "ila alikuwa kama wewe. Anapata wazo zuri, halafu anaondoka kwenda kula. Akirudi, mtoto kauzwa!"

Hadas akacheka mpaka akashika mbavu. Ketura akagonga matoazi kwa nguvu. "Hapo hapo!" akanong'ona. "Hiyo ndiyo kirtani! Sasa imba, usiache ipoe."

Orna akaimba. Tuni ilimtoroka mara mbili, lakini aliimba kama mtu aliyekasirishwa kweli na wale ndugu.

Tangu jioni ile haikuwa lazima mama wa mapacha asimame mlangoni. Waliinukuu kirtani kwenye simu zao kwa herufi za Kiingereza, maana Kimarathi walikisema vizuri kuliko walivyokisoma. Ketura aliwarekebisha kwa vidole na nyusi. Usingizi ulikuwa bado unampaa kwa hofu ya kuwa wa mwisho mwenye wimbo ule.

Siku ya malida ukumbi ulijaa. Orna alianza vizuri, watu wakacheka palipostahili, wakaitikia. Kisa kilipofika Misri, Yusufu akiwa mbele ya wale ndugu, ubeti ukamtoka kichwani. Kinanda kikazunguka kikimngoja. Ketura akataka kumsaidia, sauti haikutoka.

Orna akainua mkono, kinanda kikanyamaza. "Mnaona?" akawaambia watu. "Yusufu naye alikwama hivi hivi. Miaka yote ile, leo ndugu zake wako mbele yake. Mngekuwa nyinyi, mngeanza na neno gani?"

"Ningewauliza wamekula?" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, ukumbi ukaangua kicheko. Katika kicheko hicho Hadas akaukumbuka ubeti, akauanza, Orna akaudaka. Ketura akahisi mabega yake yameshuka, kana kwamba mtu amempokea mtungi aliobeba tangu mama yake afe. Akapiga kinanda machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Sauti yake ilirudi wiki mbili baadaye, njiwa walipovamia kotimiri kibarazani. "Tokeni, wezi nyie!" Akashtuka mwenyewe. Ilikuwa nzito, ya chini, lakini ilikuwa sauti.

"Basi, raha yangu imekwisha," Abshalom akaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

Orna aliondoka mwezi wa nane. Mapacha wakabaki na matoazi. Ijumaa moja, kabla ya Sabato kuingia, Orna akapiga simu kutoka mji wa Ashdod, kule Israeli.

"Bibi, nimepata wasichana wanne hapa, bibi zao walitoka Panvel, huko kwetu. Kimarathi hawana hata cha kuombea maji, ila wanaitaka kirtani. Ile sehemu ya shimo inaanzaje?"

Ketura akakaa kitandani, akaimba.

"Bibi, umeanza chini sana!"

"Hii ndiyo niliyonayo siku hizi," Ketura akasema. "Shukeni mnifuate."