Rezo ya Zongwe

Kwa kujisifu sijambo. Asubuhi ile nilisimama ku biro yetu ya Kalemie nikatangaza kwamba programu yetu ya simu imejaribiwa kwa rezo, mutandao wenyewe wa Zongwe, kijiji cha ziwani, na imepita! Ilikuwa ya wakunga. Mama akishikwa na uchungu, kuzaa kukiwa kugumu, mukunga anabonyeza, na mutumbwi wa mota unatoka Kalemie kumuchukua. Kesho yake tungeigawa.

Mukubwa wetu ni muntu asiyekubali kwamba mvua inanyesha mpaka alowane. Akasema, "Leta mapimo nione."

Sisi tunajaribia programu kwa simu zilizo nchi ya mbali, tunazitumia kwa intaneti. Unaziwekea rezo ya kuigiza kwa kufuata mapimo ya mahali: iwe nzito kiasi gani, ujumbe upotee mara ngapi. Mapimo niliyochukua Zongwe nilikuwa nimeyahifadhi huko huko kwenye simu za mbali. Basi nayavuta, rezo ya Kalemie ikakata. Saa nzima nangojea rezo nzuri ili nipate rezo mbaya! Nilikasirika mpaka nikaitukana modemu, na wenzangu wanacheka tu, wajinga wale.

Yalipofika, mukubwa akavaa miwani. "Ujumbe unaopotea: sifuri. Hii njo Zongwe? Mbona hata hapa biro hatuna rezo ya namna hii?"

Nikamupigia mukunga wa Zongwe, mama aliyenipokea siku ya kupima. Hapatikani. Nikapiga tena na tena, wapi! Karibu na saa sita akanipigia mwenyewe, anahema.

"Mama, siku ile mulinipandisha kilimani kwa nini?"

"Ee Papa, si pale njo rezo inapatikana? Hata sasa niko hapo, nimetoka kupanda."

Mimi nilifikiri wananionyesha ziwa. Walinipa kiti na samaki wa kukaanga, nikapima huku nakula.

"Kwa nini hamukunipeleka ku maternite, pale munapozalisha?"

"Lakini ulikuwa mugeni!" Alishangaa kweli. "Mugeni tumupe rezo mbaya?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamueleza kwamba programu ile labda itafanya kazi kilimani tu.

"Sasa Papa, mwenye uchungu nikimuacha peke yake nipande huku, nani atamushika?"

Niliona haya. Nikageuka nikamuambia mukubwa kesho hatugawi kitu, naenda Zongwe kupima ndani ya maternite.