Mzee Filimbi na Saa Zake za Reli

Mzee Filimbi hakuwahi kupuliza filimbi ya treni hata siku moja. Mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyemfulia mashati miaka ishirini na sita, na mashati yale yalirudi na vumbi la magunia na wino wa lebo. Mumewe alikuwa karani wa mizigo. Alipokea masanduku dirishani, akayafunga lebo, akayapanga rafuni na kuwarudishia wenyewe wakishuka. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini alipostaafu akaiona ndogo, akaanza kuirefusha.

Ilianza na saa ya mfukoni aliyoiokota mnadani, pana kama kifuniko cha birika, yenye mchoro wa treni mgongoni. Ikafuata nyingine, ikafuata na mnyororo wake. Sasa zilikuwa kumi na nne, zimelazwa juu ya mahameli katika chumba alichokiacha binti yao alipoolewa. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amekipigia chumba kile hesabu ya meza ya kukatia vitambaa. Badala yake, akiwa na miaka sitini na mmoja, alikuwa bado anakata magauni ya watu sebuleni, amepiga magoti sakafuni kama anayetafuta sindano.

Na kila saa ilikuja na hadithi. Mteja aliyefuata gauni lake akikosea tu kuchungulia mlango ule, kwisha habari yake.

"Hii ndiyo niliyokuwa nayo siku daraja lilipojaa maji," mzee alikuwa akianza, ameishika kiganjani kama kifaranga. "Abiria mia nne. Dereva ananitazama mimi. Mimi naitazama saa."

Saa yenyewe aliinunua juzijuzi, na daraja alilisikia kwa watu. Hivyo ndivyo majirani walivyomfanya gadi, yule mkubwa wa behewa la mwisho anayeamua treni iondoke, wakambandika na jina la Filimbi. Mkewe aliunyamazia uongo ule kama mtu anavyokinyamazia kiti kilichovunjika mguu: kinaudhi, lakini wageni wamekwisha kukizoea.

Kisha ikaja habari kwamba stesheni ya zamani inageuzwa kuwa nyumba ya maonyesho, na chama cha wastaafu wa reli kinatafuta mwangalizi. Angepewa funguo, kofia ya reli yenye beji ya shaba, na kabati la vioo la kuonyeshea vitu kama saa zake. Sharti moja tu: awe amewahi kusafiri kikazi ndani ya treni. Mzee aliandika barua ya kurasa tano. Usingizi ukampaa wiki nzima, chakula akawa anakidonoa. Mkewe naye, kwa mara ya kwanza, akauombea uongo ule ufanikiwe. Saa zikiondoka, chumba ni chake.

Jumamosi mwenyekiti wa chama akaja kumkagua. Alikuwa gadi mstaafu wa kweli, mrefu, mkimya. Alipitisha macho juu ya saa zote, akachukua moja, akaitega sikioni.

"Hii inakosea kiasi gani?" akauliza.

"Kukosea?" Mzee Filimbi akacheka kwa huruma. "Mzee mwenzangu, humu ndani hakuna inayokosea! Kila asubuhi redio ikipiga mlio wa habari, nazirekebisha zote. Zinatembea kama askari."

"Unasogeza mishale mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Na kazini je?"

"Kazini ndiyo usiseme! Kila kituo nikishuka, natazama saa ya stesheni, naweka yangu sawa. Mimi na uzembe mbalimbali."

Sebuleni, mkewe alisimamisha mkasi. Hakujua kosa liko wapi, ila alijua mgeni amekwisha kupata alichokifuata.

Gadi aliirudisha saa polepole. "Ndugu yangu, sisi tulikatazwa kabisa kugusa mishale. Kuirekebisha saa ilikuwa kazi ya fundi wa reli peke yake. Wewe unailinganisha na saa ya stesheni, unaandika tofauti kwenye daftari, basi. Yangu ilichelewa sekunde tisa miaka mitatu. Niliijua hivyo, nikaiacha hivyo. Kila mtu angekuwa anasogezasogeza yake njiani, treni zetu zingesalimiana uso kwa uso."

"Wakati wangu sheria zilikuwa zimelegezwa," mzee akasema, sauti ikiwa imepungua nusu.

"Wakati wako na wangu ni mmoja. Ulikuwa mizigo. Uliwahi kuninyima sanduku langu mwenyewe kwa kuwa nimepoteza lebo. Nimevaa sare, treni inaningoja, na wewe umekunja mikono."

Mkewe aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha mteja.

Mzee alitazama chini. "La kijani," akasema. "Lilifungwa kamba ya katani. Kufuli halikufanya kazi."

"Hilohilo." Gadi akamtazama upya. "Sikiliza. Uangalizi hupati. Lakini wageni hawataingia na mabegi, na hatuna mtu wa kuyapokea mlangoni."

"Unirudishe dirishani? Mimi?"

"Kofia ni ileile."

Mzee akajipapasa kichwani.

"Na beji?"

"Na beji."

"Na saa mtazichukua?" mkewe akadakia kutoka sebuleni.

"Tutazichukua, shemeji."

"Leo?"

"Nina gari nje."

Mzee aliinua mkono. Hakuna kitu kitakachotoka nyumba hii bila lebo, akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake haikuwa ya kuazima. Akatoa karatasi ngumu na uzi, akaketi. Namba. Jina la mwenye mali. Kazi ya mwenye mali. Hapo aliandika "Ga", akaitazama, akaikata kwa mstari mnyoofu, akaandika "karani wa mizigo". Fundo lake lilikuwa dogo, kavu, halilegei. Gadi alisimama akimtazama na hakumharakisha.

Mkewe alikuwa amekwisha kuingia na futi ya kupimia, akiinyoosha kutoka ukuta hadi ukuta.

"Nishikie ncha hii."

"Ngoja. Nimebakiza moja."

Aliinama juu ya lebo ya kumi na nne muda mrefu kuliko zote. Mkewe alichungulia juu ya bega lake. Ilikuwa imeandikwa kwa hati nzuri kabisa: "karani mkuu wa mizigo".

Mkuu hakuwahi kuwa. Mkewe alimtazama gadi, gadi, aliyekwisha kuisoma, akatazama dirishani, na futi ikasoma mita tatu kasoro kidogo.