Bakuli la Matuta

Duka la Povu likifunguliwa asubuhi, sauti ya kwanza ilikuwa ya burashi ikizunguka kwenye bakuli. Kwaru, kwaru, kwaru. Jina lake la kuzaliwa lilibaki nyumbani. Mtaani kinyozi huyu alikuwa Povu tu, kwa sababu povu lake lilikuwa zito hata ukipindua bakuli halidondoki, na yeye alipenda kulipindua juu ya kichwa cha mteja mgeni ili amwone anavyojikunyata. Bakuli lenyewe alilifinyanga dada yake mkubwa. Kabla ya kulichoma alilichora ndani kwa meno ya kitana, duara ndani ya duara, yakawa matuta madogo ya kukamata nywele za burashi na kuipiga sabuni mpaka iumuke. Bakuli laini, dada alikuwa akisema, linatoa mapovu ya kufulia nguo.

Basi Povu huyo alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa inamla. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka.

Mwanzoni kikombe cha chai kiligonga meno yake, akacheka. Akausingizia usingizi, halafu baridi, halafu chai yenyewe kwamba imekuwa kali. Lakini dukani hakuna aliyeona, maana mkono unaozungusha burashi nani atajua kama unatetemeka au unafanya kazi? Tena balaa zaidi, kule kutetemeka kulilipiga povu vizuri kuliko zamani. Wateja wakawa wanamsifu kwamba siku hizi amezidi, naye anacheka nao, lakini baada ya povu hufuata wembe. Hivyo alikoroga na kukoroga, akiuomba mkono utulie, mpaka wengine walisinzia kitini. Kisha aliegemeza kiganja kwenye taya la mtu, akabana pumzi na kupitisha makali. Ilifika mahali kila shingo aliyoiona, hata ya mpita njia, aliona mshipa wake kwanza.

Mngeuliza kwa nini hakuacha. Mashine ya umeme anayo, ndiyo, lakini mashine kila kijana mwenye soketi anayo. Wembe ndio uliomfanya awe Povu. Aliogopa kukata mtu, na aliogopa vilevile kuamka siku moja akiwa si mtu yeyote. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo, ila usiku na mchana aliwaza kwamba kitakachomuumbua yeye ni kifo cha mtu mwingine.

Mume wa dada yake, dereva aliyestaafu, ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kila Jumamosi. Huyu shemeji alikuwa na mdomo usio na breki. Zamani aliongea hata wembe ukiwa chini ya kidevu. Siku hizi alifumba macho na kunyamaza, mikono imeshika kiti, na Povu akadhani uzee umemfunza adabu. Kilichomuudhi ni kwamba akishanyolewa haondoki. Anaketi mlangoni, na siku nyingine anaanza ukorofi wa kuwaambia waliokuja kwa ajili ya ndevu kwamba leo wembe butu, wakate nywele tu, ndevu zingoje. Povu alikasirika kimyakimya. Ungemfanya nini? Shemeji ni shemeji.

Jumamosi hii shemeji alikuja na mkewe, waende wote sokoni baadaye. Dada akaketi kwenye benchi, kikapu miguuni. Povu alichovya burashi kwenye maji ya moto, akaikamua, akaisugua kwenye sabuni, akaanza kuzungusha.

Kichwa cha dada kikainuka. Matuta yale aliyachora yeye, na alijua burashi inavyopaswa kuyapita. Hii ilikuwa inajikwaa. Povu alimwona kwenye kioo akitazama kiwiko chake, si uso, akaongeza kasi kwa hofu mpaka povu likafika ukingoni. Akampaka shemeji hadi masikioni. Akafungua wembe. Mwanga wa mlangoni uligonga makali, ukarukia ukutani, na pale ukutani ukawa unatetemeka, mbele ya macho ya ndugu hao wawili.

"Mdogo wangu," dada alisema taratibu, "weka chini huo wembe. Mkono umeanza lini?"

Akajibu kwamba ni baridi tu.

"Baridi gani, bwana," shemeji akasema ndani ya povu, macho bado kayafumba. "Ni tangu kabla ya mvua."

Povu akamgeukia. "Ulijua? Na kila Jumamosi unakuja kukaa hapa?"

"Naogopa, usidhani siogopi. Angalia kiti chako." Kwenye mkono wa kiti, pale vidole vyake vinaposhika, ngozi ilikuwa imechanwa kwa kucha. "Lakini utamwambiaje mtu anatetemeka wakati wembe uko shingoni pako? Si utamzidishia? Nikasema nitangulie mimi. Mkono ukiwa umeamka vizuri, wengine waingie. Ukiamka vibaya, nakaa mlangoni."

Povu akazikumbuka siku zote za wembe butu. Alikunja wembe kwa mikono miwili, akaenda kuketi kando ya dada yake, na hofu aliyoificha muda wote ule ikamtoka kwa machozi.

"Ningekuua, shemeji."

"Ungejaribu."

Dada alichukua taulo ya moto akampangusa mumewe, ndevu zote zikabaki palepale.

Bado alikuwa akimpangusa alipoingia mteja, anajikuna kidevu, anasema yeye leo ndevu tu. Shemeji akafungua mdomo kuanza habari za wembe butu. Povu akamtangulia.

"Wembe ni mkali," alisema. "Mkono wangu ndio haufai."

Mteja akapeleka mkono shingoni pake, akauacha hapo. Alikuwa amenyolewa kwenye kiti kile Jumamosi iliyopita.